SOMO LA MWEZI: NANI ANASHIKA UFUNGUO WA SANDUKU?

Mafundisho juu ya feza za kripto na michezo ya telefone yenye kuahidi mshahara

Masomo ya kusoma kwanza: 2 Wafalme 12:9-11, Mezali 13:11, Luka 14:28-30, 2 Wakorinto 8:18-21.



Somo hili linatoka kwenye maulizo yanayoletwa na vijana, na wamama wa vikundi vya akiba vilevile. Wanauliza: Je, feza inayoitwa kripto ni kitu cha kweli? Je, mtoto anayecheza kwenye telefone usiku kucha anaweza kupata dolari kama anavyosema? Je, inafaa tutoe feza ya sanduku la kikundi, tununue sarafu hizo, kusudi akiba iongezeke?

Hatutajibu kwa kusema kwamba kila kitu kipya ni kibaya. Telefone ilikuwa kitu kipya, na leo inatuletea habari za wagonjwa wetu na msaada wa watoto walio mbali. Wala hatutaamini neno kwa sababu tu mtu aliyelileta amevaa vizuri. Tutapima, kama mtu anayetaka kujenga mnara, anayekaa kwanza na kuhesabu gharama.

Na tuanze kwa kukubali jambo moja. Mwezi wa Februari 2025, banki za mji wetu zilifunga milango. Watu wengi walioweka akiba yao huko kwa uaminifu walishindwa kuifikia. Kwa hiyo mtu akija na kusema, «Mimi nina feza isiyohitaji banki wala serikali, inakaa ndani ya telefone yako,» masikio yetu yanafunguka. Maumivu yetu ni ya kweli. Lakini maumivu ya kweli hayafanyi dawa ya kila muuzaji kuwa ya kweli. Mgonjwa ndiye anayepaswa kuchunguza chupa kuliko mtu mwingine.

1. FEZA HII NI NINI?

Kwanza tutenganishe vitu viwili. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money si kripto. Hizo ni franka na dolari zilezile tunazozijua, zinazohesabiwa kwa telefone. Kuna kampuni yenye jina na biro, na kuna Banki Kuu ya Kongo yenye kuisimamia. Ukituma feza kwa namba isiyo yako, unajua mlango wa kugonga, hata kama wakati mwingine unafunguka polepole.

Kripto ni kitu kingine. Ya kwanza na kubwa zaidi, Bitcoin, ilianza mwezi wa Januari 2009. Aliyeitunga alijiita Satoshi Nakamoto, na mpaka leo haijulikani wazi kama ni mtu mmoja au wengi. Sarafu hiyo haishikiki mkononi. Ni maandishi ndani ya daftari kubwa linalotunzwa na mashine nyingi sana duniani kote kwa wakati mmoja, kusudi mtu mmoja asiweze kufuta ukurasa. Mashine zinazotunza daftari zinatumia umeme mwingi, na wenye mashine wanalipwa kwa sarafu mpya. Kanuni yake inasema sarafu hazitapita milioni 21.

Jambo hili haliko mbali na sisi. Kule Luviro, katika Kivu ya Kaskazini, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka wa 2020 kutumia umeme wa mto kwa mashine za namna hiyo, wakati ambapo watalii hawakuweza kufika. Feza iliyopatikana ilisaidia kazi ya hifadhi. Basi tusiseme kwamba Bitcoin ni hewa tupu. Iko, inauzwa, inanunuliwa.

Lakini bei yake inasimama juu ya nini? Inasimama juu ya matumaini ya mnunuzi anayefuata. Mwezi wa Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dolari 69,000. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2022, ilishuka chini ya dolari 16,000. Mwezi wa Desemba 2024 ilipita 100,000. Tajiri anaweza kungoja miaka ile yote. Mama ambaye mtoto wake anafukuzwa darasani kwa ajili ya minerval hawezi kungoja. Aliyeingia Novemba 2021 kwa bei ile ya juu, akalazimika kutoka Novemba 2022 kwa bei ile ya chini, alibaki na chini ya robo ya feza yake. Kitu kinachopanda na kushuka namna hiyo hakiwezi kuwa akiba ya maskini, hata kama hakuna mwizi ndani yake.

2. WAZEE WETU WALISHAONA

Vijana wanafikiri jambo hili lilianza na intaneti. Wazee, wafundisheni. Kinshasa mwaka wa 1991 kulikuwa nyumba za kuchezea feza; iliyojulikana zaidi iliitwa Bindo Promotion. Mtu aliweka feza, akaambiwa arudi baada ya siku chache apokee mara nyingi zaidi. Wa kwanza walipokea kweli, wakashuhudia kwa majirani. Majirani wakauza vitu vya nyumba wakaja. Kumbe faida ya wa kwanza ilikuwa feza ya wa pili. Watu wapya walipopungua, milango ilifungwa katika mwaka ule ule, na vilio vikajaa mji.

Tena wazee wanakumbuka noti ya zaire milioni 5. Ilitoka kwa amri ya wakubwa, ikiwa na picha na saini. Wauzaji wakaikataa, na waliolipwa noti hiyo hawakuweza kununua chakula. Mwisho wa Januari 1993 askari waliolipwa kwayo waliasi Kinshasa, na damu ikamwagika. Kwa hiyo sisi wa nchi hii hatuhitaji kufundishwa kwamba serikali inaweza kuharibu feza. Tunalijua.

Lakini angalieni vizuri somo la noti ile. Feza ilikufa siku watu walipoacha kuiamini. Kama noti yenye serikali, jeshi na banki nyuma yake iliweza kufa, je, sarafu isiyo na mtu yeyote nyuma yake ina nguvu gani zaidi? Mwenye kuuza kripto anatuonyesha ubaya wa banki na serikali, na mara nyingi anasema kweli. Halafu anaruka, na kusema kwamba chake ni salama. Hapo hajaonyesha kitu. Ubovu wa nyumba ya jirani hauimarishi msingi wa nyumba yako.

3. UFUNGUO

Sasa tufike kwenye moyo wa somo. Katika 2 Wafalme 12 tunasoma kwamba kuhani Yehoyada alitoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku, akaliweka karibu na mazabahu, watu watie feza ya kutengeneza nyumba ya Bwana. Sanduku lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkubwa walikuja pamoja, wakahesabu, wakafunga mifuko, wakaitoa kwa wasimamizi wa kazi. Mmoja peke yake hakuhesabu. Mtume Paulo naye, alipokusanya msaada kwa maskini, alitaka ndugu wengine wasafiri pamoja naye, kusudi asipatikane mtu wa kumshitaki. Kama watumishi wakubwa hivi walikubali kuchungwa, ni nani leo anayesema, «Niaminini mimi tu»?

Wamama wetu wanafanya vilevile bila kusoma vitabu vingi. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Feza inahesabiwa mbele ya wote. Katika MUSO, kasha la kijani ni la akiba na mikopo, kasha jekundu ni la ugonjwa na kilio, na havichanganywi. Akichelewa mtu kulipa, tunajua nyumba yake. Hiyo ndiyo maana ya usalama: kuna anayeshika ufunguo, kuna anayehesabu, na kuna atakayejibu.

Tuweke kripto kwenye mizani hiyo hiyo. Mwenye sarafu anapewa ufunguo wa siri, mara nyingi maneno 12 au 24. Yeyote anayeyajua maneno hayo anakuwa bwana wa feza. Karatasi ikiungua, telefone ikianguka ziwani pasipo nakala, hakuna biro ya kwenda kulia. Mwizi akiyasoma na kutuma sarafu kwake, daftari lile kubwa litaandika wizi huo kwa uaminifu kabisa, na halitaufuta kamwe. Daftari halijui haki. Linajua ufunguo tu.

Watu wengine, kwa kuogopa hatari hiyo, wanaacha sarafu zao kwa kampuni zenye kubadilisha. Hapo wamerudi banki, lakini banki isiyo na mchungaji. Kampuni ya Mt. Gox kule Tokyo ilianguka mwezi wa Februari 2014, ikisema bitcoin karibu 850,000 zimepotea. Baadaye 200,000 zilipatikana. Kampuni kubwa ya FTX ilianguka Novemba 2022, na feza ya wateja, miliardi nyingi za dolari, haikuwepo pahali pake. Mwanzilishi wake alihukumiwa Marekani mwezi wa Machi 2024 kifungo cha miaka 25. Ikiwa matajiri wenye avoka walilia hivyo, mtu wa Panzi au Cimpunda atamshitaki nani, na kwa feza gani ya safari?

4. MCHEZO WENYE KULIPA

Vijana, hapa tunasema nanyi. Mnaambiwa kwamba kuna michezo ya telefone ambayo mchezaji anapokea sarafu, na sarafu zinauzwa. Ni kweli kwamba iko. Uliojulikana zaidi uliitwa Axie Infinity, wa kampuni ya Vietnam. Mwaka wa 2021 vijana wengi wa Filipino waliufanya kuwa kazi yao. Walinunua kwanza wanyama wa mchezo, kisha wakapigana nao na kulipwa sarafu ndogo. Mwezi wa Julai 2021 sarafu moja ilipita senti 30 za dolari. Katikati ya mwaka wa 2022 ilikuwa chini ya senti moja. Kwa sababu gani? Kwa sababu mchezo haukuuza mahindi wala sabuni. Feza ya kulipa wachezaji wa zamani ilitoka kwa wachezaji wapya waliokuja kununua wanyama. Wapya walipopungua, mshahara ukafa. Wazee wa Bindo wangelitambua jambo hilo pasipo kuangalia telefone.

Kisha ukaja wizi. Sarafu za mchezo huo zilipita kwenye daraja la kompyuta liitwalo Ronin. Daraja lilikuwa na funguo 9, na ili kufungua ilihitajika funguo 5. Inaonekana ni salama kuliko sanduku la wamama! Lakini funguo 4 zilikuwa mkononi mwa kampuni moja, na kampuni hiyo ilikuwa imebakiza ruhusa ya kutumia ufunguo wa 5. Tarehe 23 Machi 2022 wezi waliingia, wakachukua mali ya zaidi ya dolari milioni 600. Ilipita karibu wiki moja bila mtu kugundua. Polisi ya Marekani, FBI, ilisema wezi walikuwa kikosi cha Korea ya Kaskazini. Kampuni ilitafuta feza mpya ya kurudishia wachezaji, nasi tunaisifu kwa hilo. Lakini tushike fundisho: hesabu ya kufuli haitoshi. Uliza funguo zinalala nyumba ngapi. Na hesabu kila juma, kama wamama wanavyohesabu.

Mwaka wa 2024 ukaja mchezo wa kugonga panya kwa kidole, Hamster Kombat, ndani ya Telegram. Mamilioni ya vijana duniani waligonga miezi mingi wakingoja sarafu. Zilitolewa tarehe 26 Septemba 2024, na wengi walipata dolari chache tu. Hawakuibiwa feza, lakini walitoa usiku wao, forfait zao za intaneti na masomo yao. Wakati wa kijana ni mali. Mungu hampi mara mbili.

5. SHERIA IKO WAPI?

Kongo, feza halali ya nchi ni franka. Mtu akikataa kupokea kripto yako, hakuna sheria ya kumlazimisha. Tuangalie majirani. Banki Kuu ya Tanzania ilionya watu juu ya kripto mwezi wa Novemba 2019. Banki Kuu ya Uganda, mwezi wa Aprili 2022, ilikataza kampuni za malipo kusaidia biashara hiyo. Kenya ilitunga sheria ya kusimamia wauzaji mwezi wa Oktoba 2025. Jamhuri ya Afrika ya Kati ilitangaza Bitcoin kuwa feza halali mwezi wa Aprili 2022, na kabla ya mwaka kutimia, Machi 2023, bunge lake lilifuta neno hilo.

Tunaona nini? Hata wakubwa wenye wataalamu wanatembea polepole, wengine wanarudi nyuma. Siku sheria nzuri itakapofika, tutaisoma. Lakini ng'ombe aliyekwisha kuibiwa hasaidiwi na ua lililojengwa baadaye.

6. WANAPOKUJA NA MANENO YA KANISA

Ndugu, hatari kubwa kwetu si mashine. Ni mtu anayeingia kwa mlango wa undugu. Mwisho wa mwaka wa 2019, kule Uganda, kampuni ya Dunamiscoins ilifunga biro zake ghafla. Januari 2020 viongozi wake wawili walishitakiwa Kampala kwamba walichukua shilingi zaidi ya miliardi 10 kwa watu zaidi ya 4,000. Sikilizeni jina hilo. Dunamis ni neno la Kigiriki la Agano Jipya, maana yake nguvu, neno lile la Matendo 1:8. Nguvu ya Roho ilichorwa kwenye mlango wa biro.

Tena Uganda, kama nchi nyingi, iliingiliwa na OneCoin. Mwanamke aliyeianzisha, Ruja Ignatova, alitoweka mwezi wa Oktoba 2017. Mwenzake Karl Greenwood alihukumiwa New York mwezi wa Septemba 2023 kifungo cha miaka 20. Dolari miliardi 4 zilichukuliwa duniani. Na sarafu? Hata daftari lile la kweli la kripto halikuwepo. Waliuza jina tupu.

Kabla ya hao, Tanzania mwaka wa 2009, kulikuwa DECI. Waliosimamia walikuwa wachungaji, na lugha yao ilikuwa ya shamba la Bwana: unapanda mbegu, unangoja, unavuna. Watu wengi walipanda, serikali ikafunga, mwaka wa 2013 mahakama ya Dar es Salaam iliwahukumu viongozi. Kanisa ndilo lililokuwa barabara ya hasara, kwa sababu mtu aliyemwamini mchungaji juu ya roho yake alimwamini vilevile juu ya feza yake.

Sisi tunaamini kwamba Mungu anasema na watu wake kwa ndoto na maono. Kwa sababu hiyo tuwe wakali zaidi, tusiwe walegevu. Mtu akisimama katika sala akisema ameonyeshwa sarafu fulani, au mchezo fulani, au kikundi cha WhatsApp cha kuweka dolari 50, wazee wamwulize hapo hapo: Nani anashika ufunguo? Faida inatoka kwa kazi gani? Feza ikipotea, nani atarudisha, na nyumba yake iko avenue gani? Neno la Mungu haliogopi maulizo. Na unabii hauwezi kuwa risiti.

7. TUFANYE NINI?

a) Feza ya sadaka, ya kilio, ya MUSO na ya AVEC isiingizwe katika kripto wala katika mchezo wowote. Hiyo ni mali ya wengi; mtu mmoja hana ruhusa ya kuijaribisha.

b) Mtu mzima akitaka kujaribu kwa feza yake mwenyewe, atumie ile ambayo ikipotea yote, watoto watakula na kusoma. Asikope. Asiuze kiwanja. Amwambie mke au mume wake kabla.

c) Usimpe mtu maneno yako ya siri, hata kama ni ndugu wa kwaya, hata kama anasema anatengeneza telefone.

d) Anayeahidi faida ya hakika kila siku, au anayekulipa kwa kuleta watu wengine, mkimbie. Hiyo ni Bindo yenye nguo mpya.

e) Kijana anayependa kompyuta, asikatishwe tamaa. Ajifunze kazi yake: kutengeneza mashine, kuandika programu, kutunza hesabu za duka. Aliyejenga daraja analipwa. Aliyengoja chini ya daraja dolari zianguke, halipwi.

f) Aliyekwisha kupoteza asichekwe. Aibu inafunga midomo, na midomo iliyofungwa inamwandalia mwizi mtu wa pili. Aje kwa wazee, aseme, kusudi wengine wapone.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kikundi chetu cha akiba, funguo ziko kwa watu wangapi? Je, kuna wawili wanaokaa nyumba moja?

2. Kwa nini wa kwanza katika Bindo walishuhudia kweli, na bado jambo lenyewe lilikuwa uongo? Ushuhuda wa namna hiyo tuupime namna gani?

3. Mzazi: unajua mtoto wako anacheza mchezo gani, na ni nani anayelipa intaneti yake? Kijana: ungekubali mama yako aone kila kitu ulichotuma?

4. Banki zikifungwa tena, kikundi chetu kitawasaidiaje wajane na wagonjwa kwa juma la kwanza? Andikeni jibu kwenye daftari la kikundi, mtie saini watatu.